Sitta yule yule, kiti kingine: Spika anapata wapi nguvu ya kuachia mjadala bungeni?

Jina la marehemu Samuel Sitta likitajwa tu watu wanagawanyika fasta. Wa upande huu wanakwambia huyo ndo Spika bora tuliyewahi kuwa naye, Spika wa kasi na viwango, aliyeliachia Bunge likamtoa Waziri Mkuu mzima mwaka 2008. Wa upande ule wanajibu acha hizo bana, huyo si ndo aliyekalia kiti cha Bunge Maalum la Katiba 2014, rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba ikachinjwa akiwa pale pale mbele, kura zikapokelewa mpaka za waliokuwa Makka kwenye hija. Basi hapo ni kelele tu mpaka watu wachoke.

Mi naona wote wako sahihi, na ndo maana ubishi wenyewe hauishi. Mzee alikuwa yule yule, ujanja wa siasa ule ule, kilichobadilika ni kiti alichokalia na nani alikuwa na uwezo wa kukivuta. Wengi tunaliangalia Bunge kama tunavyoangalia mpira, tunajua nani kafunga na nani kapewa kadi, sheria za mchezo zenyewe hatuna habari nazo. Sasa ngoja tuifungue hii taratibu, maana safari ya Sitta bungeni inaonyesha vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote ninayemfahamu jinsi mjadala unavyoruhusiwa Dodoma, na jinsi unavyozimwa.

Mzee Six, kama walivyozoea kumwita, alizaliwa Urambo, Tabora, Desemba 1942. Oktoba 1966, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa wale vijana walioandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima, yaani msomi akishatoka kambini afanye kazi mwaka mmoja na nusu huku anachukua asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akachukia vibaya sana, akasema kweli mishahara ya wakubwa ni mikubwa, akakata wa kwake asilimia 20 hapo hapo, halafu mamia ya wale vijana wakafukuzwa wakarudi makwao. Baadaye wakaruhusiwa kurudi, Sitta akamaliza sheria yake, na mwaka 1975 akaingia bungeni kuwakilisha Urambo.

Akakaa miaka 20 mfululizo, na katikati humo akapitia ukuu wa mkoa na uwaziri. Hiyo miaka tusiiruke haraka, kwa sababu ndo shule yake. Ilikuwa zama za chama kushika hatamu, mambo mazito yakishaamuliwa Halmashauri Kuu, Bunge linakuja kupiga muhuri, mbunge anaweza kusema sana kuhusu barabara, pamba na tumbaku lakini sio kuhusu mwelekeo wa nchi. Hata vyama vingi viliporudi 1992 bado bungeni walikuwa CCM watupu mpaka uchaguzi wa 1995 (ukiacha chaguzi ndogo), na hapo katikati likatokea lile sakata la G55. Agosti 1993 wabunge 55, mwenye hoja akiwa Njelu Kasaka, walitaka iwepo Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Bunge likakubali. Nchi ikashtuka. Mwalimu akaja juu, vikao vya chama vikakaa, na mwaka uliofuata Bunge lile lile likaigeuka hoja liliyoipitisha lenyewe. John Malecela aliyekuwa Waziri Mkuu akapoteza nafasi yake Desemba 1994. Sitta alikuwa mbunge kipindi chote hicho, kwa hiyo aliona kwa macho yake Bunge likisema ndiyo na chama kikisema hapana, na akaona nani alishinda.

Mwaka 1995 akatoka bungeni, 1996 akapewa Kituo cha Uwekezaji, TIC, akakiongoza mpaka 2005. Hapo ndo akarudi kwa jimbo la Urambo Mashariki na papo hapo akautaka Uspika. Aliyekuwepo ni Pius Msekwa, mtu mzito kabisa, ameshika kiti tangu 1994, na Sitta akamshinda ndani ya CCM kwenye kura za kuteua mgombea. Kikwete alikuwa ameingia na ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya, Sitta naye akaja na kasi na viwango. Wengi tulidhani ni kauli mbiu tu ya kupatana na wakati.

Sasa kabla ya kufika kwenye Richmond, lile sakata la umeme lililomtoa Waziri Mkuu 2008, lazima tuelewe Spika anafanya nini hasa, maana watu wanadhani kazi yake ni kusema "tulieni waheshimiwa" na "muda wako umekwisha". Spika ni mlinda mlango. Hoja binafsi ya mbunge iingie au isiingie, inaanzia kwenye ofisi yake. Nani apewe nafasi ya kuchangia na nani jina lake lisifikiwe, ni yeye na wenyeviti wake. Kamati ya kudumu akae nani, anapanga yeye. Kamati teule ikiundwa, wajumbe anawateua yeye. Na ukizuka ubishi wa kanuni, uamuzi ni wake pale pale.

Ukiangalia kikao unaona wabunge wanasimama simama wanakatizana, kuna anayesema "taarifa", kuna anayesema "kuhusu utaratibu", kuna anayesema "naomba mwongozo wako". Hivi vitu vitatu sio kimoja. Taarifa unampa anayeongea nyongeza au sahihisho la alichosema, na yeye anaulizwa kama anaipokea au haipokei (asilimia kubwa hawapokei, tena kwa madaha). Kuhusu utaratibu unasema mwenzio anavunja kanuni, na unatakiwa uitaje kanuni yenyewe. Mwongozo unauliza kama jambo lililotokea linaruhusiwa. Mbunge mzoefu anavitumia vyote kama silaha, anamkata mwenzie maneno katikati ya pointi tamu, muda unakwenda, na ukishakatwa mara tatu hata uliyekuwa unamsema anapata nafasi ya kujipanga. Anayeamua hayo yakubaliwe au yazimwe ni aliyekaa mbele. Kwa hiyo mjadala mkali unaweza kuuliwa kwa adabu zote, bila mtu yeyote kufukuzwa.

Kuna na ile ya kushika shilingi. Bajeti ya wizara ikifika kwenye Kamati ya Matumizi, kinapoitwa kifungu cha mshahara wa Waziri, mbunge anasimama anasema nisipopata maelezo ya kuridhisha nakusudia kuondoa shilingi. Ni shilingi moja tu, lakini ikishashikwa inabidi Waziri ajieleze, wabunge wengine wanaingia kuunga mkono, na mwisho wake wanapiga kura kama shilingi irudishwe au isirudishwe. Nimeona mawaziri wanatoka jasho kwa hiyo shilingi moja kuliko kwa mabilioni yaliyoko kwenye kitabu. Lakini muda nao una mwisho, ukikaribia kuisha inaingia gilotini, vifungu vyote vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo bila kuhojiwa kimoja kimoja, na maswali yako uliyoyaandaa tangu Machi unarudi nayo jimboni.

Na kwa nini hawaikatai tu bajeti? Hapa ndo wengi wanakosea wanaposema wabunge ni waoga. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Yaani ukiikataa bajeti unarudi kwa wapiga kura, mikopo ya gari hujamaliza, kura za maoni za chama zinakusubiri. Ndo maana unamsikia mbunge anaponda wizara dakika zote alizopewa, hakuna maji, hakuna dawa, hakuna walimu, halafu anamalizia naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Inachekesha ila ukiisoma hiyo ibara unaacha kucheka.

Turudi kwa Sitta. Watu husahau kwamba ushujaa wake haukuanza vizuri. Agosti 2007 Zitto Kabwe, CHADEMA, mbunge wa Kigoma Kaskazini, kijana ambaye hata miaka 31 hajafikisha, alileta hoja ya kuundwa kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini Nazir Karamagi aliusaini akiwa London, wakati Serikali yenyewe imeshasema inapitia upya mikataba ya madini. Swali lilikuwa rahisi, haraka ya nini na kwa nini London. Hoja ikagongwa, na mambo yakageuka, mwenye hoja akawa ndo mtuhumiwa kwamba kalidanganya Bunge, wabunge wakaazimia asimamishwe mpaka Januari 2008. Kanuni inakataza kusema uongo bungeni na ni kanuni nzuri, lakini kwenye nyumba ambayo chama kimoja kina wingi mkubwa, anayeamua uongo ni upi ni huo wingi. Sitta ndo alikuwa Spika siku hiyo.

Kilichofuata hawakukitegemea. Zitto alizunguka mikoani anapokelewa kama shujaa, na Novemba 2007 Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta nzima ya madini, Zitto huyo huyo aliyesimamishwa akiwa mjumbe. Njia hiyo ndo imetufikisha kwenye Sheria ya Madini ya 2010. Mi nadhani, na hili ni wazo langu tu, Buzwagi ilimfundisha Sitta kwamba ukifunga mlango wa Bunge mjadala haufi, unahamia barabarani, na huko Spika hana kengele ya kugonga.

Mwishoni mwa 2007 likaja toleo jipya la Kanuni za Bunge, likaanza kazi 2008, na hili kwangu ndo urithi wake mkubwa kuliko hata Richmond. Yakaanzishwa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, nusu saa, bila kuletewa maswali mapema aandaliwe majibu na watu wake. Ikaundwa kamati mpya ya hesabu za mashirika ya umma, POAC, na kamati zote tatu za kukagua hesabu zikawa chini ya wapinzani, Zitto POAC, Dk. Willibrod Slaa hesabu za Serikali za Mitaa, John Cheyo hesabu za Serikali Kuu. Fikiria kwamba kwenye uchaguzi wa 2005 CCM ilichukua majimbo 206 kati ya 232, CUF 19, CHADEMA matano tu! Wapinzani wale wangeishia kupiga kelele kwenye viti vya nyuma, lakini ukimpa mpinzani uenyekiti wa kamati ya hesabu unampa ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, mkononi na mamlaka ya kumwita mkurugenzi aje ajibu. Ripoti ambazo zilikuwa zinalala makabatini zikaanza kusomwa na magazeti. Halmashauri zikaanza kuogopa.

Sasa Richmond. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, Mtera maji yalishuka kupita kiasi, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme ambao aliyekuwa na saluni au mashine ya kusaga mwaka ule hajausahau. Serikali ikatafuta umeme wa dharura, na Juni 2006 TANESCO, shirika la umeme, ikaingia mkataba na kampuni ya Richmond ya Houston, Marekani, ilete mitambo ya megawati 100. Mitambo haikuja kwa wakati, mvua zikanyesha, na mkataba badala ya kuvunjwa ukahamishiwa kwa kampuni nyingine, Dowans. Malipo yaliyotajwa sana ni shilingi milioni 152 kwa siku, na haya ni malipo ya mitambo kuwa tayari tu, umeme wenyewe ukiuchukua au usiuchukue. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikachunguza, ikasema haikuona rushwa.

Kamati ya Uwekezaji na Biashara, mwenyekiti wake William Shellukindo wa Bumbuli, ndo iliyoanza kulivuta hili jambo, na Novemba 2007 Bunge likaazimia iundwe kamati teule. Hapa ndo kazi ya Spika inaonekana. Angeweza kusema TAKUKURU imeshamaliza, jambo limefungwa. Angeweza kuteua wapole watano. Akamteua Harrison Mwakyembe wa Kyela kuwa mwenyekiti, msomi wa sheria na mwandishi wa habari wa zamani, pamoja na Stella Manyanya, Lucas Selelii, Herbert Mntangi, na Mohamed Habib Mnyaa wa CUF. Wanne kati ya watano ni CCM, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hizi ni njama za upinzani. Chini ya ile sheria ya kinga, madaraka na haki za Bunge ya 1988 kamati ina uwezo wa kuita shahidi na kudai nyaraka, na kina Mwakyembe waliutumia.

Ripoti ikasomwa Februari 6, 2008, na waliokuwa karibu na redio siku ile wanajua, watu waliacha kazi. Kamati ilisema Richmond ilikuwa kampuni ya mfukoni isiyo na uwezo wa fedha wala utaalamu, ilibebwa kwenye mchakato, na mkono wa wakubwa ulionekana, ikiwemo ofisi ya Waziri Mkuu. TAKUKURU yenyewe ikaguswa kwa ile taarifa yake ya kusafisha. Kesho yake Edward Lowassa akasimama, akalalamika kwamba kamati haikumwita hata siku moja ikamsikiliza, akasema kwa mtazamo wake shida hapo ni uwaziri mkuu, na akatangaza kuwa amemwandikia Rais kuomba kujiuzulu. Karamagi na Ibrahim Msabaha, aliyekuwa Nishati kabla yake, nao wakaachia ngazi. Baraza zima likavunjika, Februari 8 jina la Mizengo Pinda likaletwa bungeni. Siku tatu tu!

Nisimuonee marehemu Lowassa, alikana mpaka mwisho na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani, na lile lalamiko la kutosikilizwa ni zito, mwanasheria yeyote atakwambia. Kamati ya Bunge haihukumu mtu, inatoa maoni na mapendekezo, lakini mapendekezo yakisomwa laivu mbele ya nchi nzima yanafanya kazi ya hukumu kabla hujafungua mdomo. Hilo ni tundu la mfumo wetu mpaka leo, na wanaoisifia Richmond huwa hawapendi kuligusa.

Basi ukidhani baada ya hapo Spika alipewa nishani, unakosea. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekwisha. Na ibara ya 84 inasema Spika aliyetokana na wabunge akikosa ubunge, Uspika nao unaondoka. Ziunganishe hizo mbili uone mnyororo ulivyo: kadi ya chama inashika ubunge, ubunge unashika Uspika. Spika anayeiruhusu nyumba iikosoe Serikali ya chama chake anafanya hivyo huku kadi yake iko kwenye meza ya watu wale wale wanaokosolewa. Agosti 2009 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Dodoma na Sitta akashambuliwa kweli kweli, wapo waliotaka anyang'anywe kadi. Hakunyang'anywa, ila ikaundwa kamati ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, Msekwa (ndiyo, yule yule aliyeshindwa 2005) na Abdulrahman Kinana, kuangalia mpasuko kati ya wabunge na Serikali. Februari 2010 mjadala wa utekelezaji wa maazimio ya Richmond ukafungwa bungeni, na wengi waliokuwa wakisubiri moto wakaona majivu.

Uchaguzi wa 2010 ukaisha, Sitta akarudi na ubunge wake, akautaka tena Uspika. Kamati Kuu ya CCM ikapeleka majina matatu kwa wabunge wake: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Safari hii zamu ya wanawake, walisema. Mwanamke kuwa Spika ni jambo jema na lilichelewa, na Mama Makinda alikuwa bungeni miaka mingi na ameshakuwa Naibu Spika, sifa anazo, lakini muda wa kulikumbuka jambo hilo jema ulikuja siku ambayo lilimfaa sana kila aliyemchoka Sitta. Hakukatwa kwa kosa lolote, wala hapakuwa na azimio la Bunge. Jina lake halikufika tu kwenye kura. Akapewa uwaziri wa Afrika Mashariki.

Na hapa tunafika 2014, ambapo wanaomlaumu wanapata hoja zao. Bunge Maalum la Katiba lilikuwa mnyama mwingine kabisa, ndani yake wabunge wote wa Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi Zanzibar, na wengine 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali. Mezani kuna rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba inayotaka serikali tatu, yaani ile ile Tanganyika ya G55 imerudi, safari hii imebebwa na maoni ya wananchi. Posho shilingi laki tatu kwa siku kwa kila mjumbe, na wapo waliosimama wiki za mwanzo kabisa kulalamika kwamba haitoshi. Machi Sitta akachaguliwa mwenyekiti, makamu wake Samia Suluhu Hassan, na watu wakashangilia pande zote, wapinzani wakiwemo, wakijua yule wa viwango karudi.

Tofauti ni kwamba mwaka 2008 Sitta alikuwa Spika basi, hana wizara, hana bosi kwenye Baraza la Mawaziri. Mwaka 2014 alikalia kiti huku yeye mwenyewe ni waziri, anafungwa na uwajibikaji wa pamoja wa Serikali ambayo msimamo wake wa serikali mbili ulijulikana tangu Rais alipolihutubia Bunge hilo Machi 21. Halafu Richmond ilikuwa inagusa watu, mkataba na wizara, chama chenyewe kilikuwa kimegawanyika humo ndani na Spika alikuwa na upande wa kuegemea. Muundo wa Muungano uligusa uti wa mgongo wa CCM nzima, hapakuwa na upande wa pili wa kuegemea.

Aprili 16 UKAWA, umoja wa wapinzani wa CUF, CHADEMA na NCCR-Mageuzi, wakatoka, wakiongozwa nje na Profesa Lipumba. Hawakurudi. Sitta alikuwa na uamuzi mmoja mkubwa wa kufanya, kuahirisha mpaka maridhiano yapatikane au kuendelea na waliobaki, na Agosti akaendelea na waliobaki. Kikwazo kilikuwa hesabu. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake, na wapinzani wa Zanzibar walikuwa nje na CUF yao. Kila kura ya Zanzibar ikawa dhahabu, kanuni zikarekebishwa walioko nje ya nchi waweze kupiga kura huko huko waliko, ndo zikaja hizo za mahujaji na za wagonjwa. Kura ya wazi au ya siri, ubishi ulioanza tangu mwanzo, ukaishia kila mjumbe achague anayoitaka. Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapita, upande wa Zanzibar kwa mwanya mdogo mno, waliokuwemo wakacheza ukumbini. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa.

Kitu kinachoniuma mimi ni kwamba ujuzi uliotumika 2014 ni ule ule wa 2008. Kujua kanuni ipi irekebishwe na lini, kujua nani apewe kamati, kusoma hesabu za ukumbi kabla ya kura, kumaliza kazi ndani ya muda. Kasi ilikuwepo. Ukiangalia kwa jicho la kiufundi tu, kumaliza Bunge lile na theluthi mbili mkononi wakati theluthi nzima ya mabishano imetoka nje ilikuwa kazi ya mtaalamu. Wanaosema alibadilika au alinunuliwa wanataka kuifanya hadithi ya tabia ya mtu, na mi sioni ushahidi wa hilo. Mwaka 2015 aliomba CCM imteue kugombea Urais hakupita, Lowassa naye akakatwa akahamia CHADEMA akawa mgombea wa UKAWA hao hao waliokuwa wamemwita fisadi kwa sababu ya ripoti ya kamati ya Sitta. Siasa za nchi hii ukizifuatilia sana zinaweza kukutoa mvi.

Sitta alifariki Novemba 7, 2016 akiwa kwenye matibabu Munich, Ujerumani, akazikwa kwao Urambo. Mwaka huo huo, kuanzia Januari, matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia TBC yalikuwa yameshaondolewa, sababu iliyotolewa ni gharama na kwamba watu wanaangalia Bunge badala ya kufanya kazi. Ripoti kama ya Mwakyembe ingesomwa mwaka ule, ungeiona kesho yake ikiwa imekatwa katwa.

Miaka mitano mbele, Desemba 2021, Spika Job Ndugai alisema hadharani kwamba nchi inakopa sana na iko siku itapigwa mnada. Hakuisema kwenye kiti, wala hapakuwa na hoja yoyote bungeni ya kumwondoa. Akaomba radhi, haikutosha, na Januari 6, 2022 akajiuzulu. Barua yake aliiandika kwa Katibu Mkuu wa CCM. Katibu wa Bunge akapata nakala.